Kibaba, Pishi na Volti

Kabla ya kilo kuingia madukani, watu wa pwani walipima nafaka kwa vyombo. Pishi moja ilikuwa visaga viwili, na kisaga kimoja kilikuwa vibaba viwili; mwenye haja ndogo zaidi aliomba nusu kibaba. Ulikuwa ni utaratibu wa kugawa nusu kwa nusu. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo muuzaji na mnunuzi walipaswa kuafikiana kabla ya fedha kutoka mkononi: je, kibaba ni cha tele au cha mfuto? Cha tele kiliachwa na kichuguu chake juu ya mdomo wa chombo. Cha mfuto kilipitishiwa kijiti au kiganja, na punje zote zilizozidi ukingo zikarudi guniani. Vibaba hivyo viliitwa kwa jina moja, na katika hesabu ya mdomo kila kimoja kilikuwa “kimoja”. Lakini aliyekwenda nyumbani na cha mfuto ilhali amelipia cha tele alikuwa amedhulumiwa, ijapokuwa tarakimu yenyewe haikusema uongo.

Tarakimu, basi, ni kama neno lililong’olewa katika sentensi. Haina maana mpaka kijulikane chombo kilichoitoa, ukubwa wa chombo hicho, na kilichofutwa juu ya ukingo wake. Hekima hiyo ya sokoni imehamia leo mahali ambapo wazee wasingepadhania: ndani ya vipande vya silikoni vinavyoweza kukaa juu ya ukucha. Humo mna kibaba cha aina nyingine, kinachopima umeme badala ya mchele. Mafundi hukiita kigeuzi cha analogi kuwa dijitali. Kati yake na mtu anayesoma namba kwenye kioo yuko mkalimani asiyeonekana, naye ni programu iitwayo kiendeshi, iliyomo ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta. Mpenzi wa ushairi huenda akauliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu kwa kuwa ni suala la tafsiri, na kila tafsiri ina swali lake la uaminifu.

Ulimwengu hauendi kwa hatua. Joto la mchana hupanda bila kuruka, sauti ya mwimbaji huteremka kutoka juu hadi chini bila kukanyaga ngazi, na maji ya kujaa huuparamia mchanga bila kusimama ahesabiwe. Kihisi kinachotazama mambo hayo hutoa umeme unaopanda na kushuka kwa namna hiyo hiyo, mfululizo. Hiyo ndiyo analogi. Kompyuta, kwa upande wake, haijui mfululizo. Inajua ndiyo na hapana, moja na sifuri. Kigeuzi husimama mlangoni baina ya pande hizo mbili, na kazi yake ni kuuliza maswali.

Ichukuliwe chipu moja mahususi iwe mfano, ile ya jamii ya AM335x iliyotengenezwa na Texas Instruments. Chipu hii ndiyo iliyowekwa kwenye BeagleBone, kompyuta ndogo ya ubao mmoja iliyotoka mwaka 2011, ambayo wanafunzi na mafundi wa nchi nyingi wameitumia kutengenezea vifaa vyao. Ndani yake mna kigeuzi cha biti 12 chenye njia 8 za kuingilia, na saba kati ya hizo zimetolewa kwenye pini za ubao. Hupokea umeme kuanzia sifuri hadi volti 1.8. Ukizidi hapo, chipu yaweza kuungua, hata kama pini jirani zimezoea volti 3.3 bila taabu.

Umeme wa volti 1.26 ukifika mlangoni, kigeuzi hukigawa kipimo chake kizima nusu kwa nusu, kama mtu aliyeshika pishi, kisaga na kibaba. Kwanza huuliza: je, umefika volti 0.9, yaani nusu ya 1.8? Umefika, huandika moja. Je, umefika 1.35? Haukufika, huandika sifuri. Je, umefika 1.125? Umefika. Umefika 1.2375? Umefika. Kila swali ni nusu ya lile lililotangulia, na baada ya maswali 12 jibu huwa limekamilika: 101100110011. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni 2,867, kati ya hatua 4,096 zinazoanzia sifuri na kuishia 4,095.

Kila hatua ina uzito wa karibu milivolti 0.44. Hatua 2,867 hutoa milivolti 1,259.91, lakini umeme uliobisha hodi ulikuwa milivolti 1,260 kamili. Hiyo sehemu ndogo iliyobaki imekwenda wapi? Imefutwa na kijiti. Kigeuzi hiki hutoa kibaba cha mfuto kila mara. Kilichozidi ukingo wa hatua hurudi guniani, wala hakuna programu duniani itakayokirudisha. Hasara hiyo si kosa. Ni bei ya kuvuka kutoka lugha moja kwenda nyingine, na mfasiri yeyote aliyewahi kuhangaika na neno lisilo na mwenzake anaijua.

Mshairi naye huijua kwa njia yake. Mshororo wa mizani 16, uliokatwa nane kwa nane, ni chombo chenye ukingo. Fikra hufika ikiwa pana, na silabi inayozidi haina pa kukaa. Hufupishwa, hugeuzwa, au huachwa. Lakini msikilizaji wa shairi anajua kwamba mizani ipo. Anausikia ukingo kila kipande kinapotua, na kwa kuusikia huweza kukisia ukubwa wa kilichobanwa ndani yake. Anayesoma namba 2,867 hausikii ukingo wowote. Ni lazima aambiwe.

Hasara ya pili ni ya wakati. Kigeuzi hakitazami daima. Hufumbua jicho, hupima, na kulifumba tena. Mwaka 1949 Claude Shannon wa Marekani alichapisha maelezo ya kihisabati ya sharti ambalo wahandisi wameliheshimu tangu hapo: wimbi halina budi kupimwa zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake wa haraka kabisa, vinginevyo litazaa wimbi la uongo. Mtu wa kisiwani hahitaji hesabu ili kulielewa jambo hilo. Bahari ya Unguja hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kujaa huchelewa kidogo kuliko kwa jana. Mgeni anayeitazama mara moja tu kwa siku, saa ile ile kila siku, ataona maji yakipanda polepole kwa siku kadhaa kisha yakishuka polepole, na ataandika daftarini kwamba bahari hujaa mara moja katika wiki mbili hivi. Kila alichokiandika amekiona kwa macho yake. Na daftari lake lote ni uongo.

Sasa aingie mkalimani. Programu ya kawaida, kama ile inayochora joto la chumba kwenye kioo, hairuhusiwi kukigusa kigeuzi moja kwa moja. Kati yao upo mfumo endeshi, na katika mfano huu ni Linux, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 1991. Kiini cha mfumo huo ndicho chenye ruhusa ya kugusa maungo ya mashine, na ndani ya kiini kila kifaa kina kiendeshi chake. Kiendeshi kinajua mambo ambayo programu haina haja ya kuyajua: ni rejista ipi iandikwe ili kigeuzi kiamke, ni njia ipi ifunguliwe, kisubiriwe kwa muda gani, na jibu liokotwe wapi. Programu huuliza kwa lugha ya watu wote; kiendeshi hugeuka na kuuliza kwa lugha ya chipu ile, kisha hurudi na jibu.

Katika AM335x kazi hiyo ina ugumu wake wa kipekee, kwa maana kigeuzi ni kimoja na wateja ni wawili. Maungo yale yale yanayopima umeme wa vihisi hutumika pia kusoma kioo cha kugusa, ambacho kidole kikikibonyeza hubadilisha umeme kulingana na mahali kilipoguswa. Kwa hiyo waandishi wa programu walitengeneza kiendeshi mzazi chenye watoto wawili, mmoja wa kioo na mmoja wa vihisi, na mzazi ndiye anayezuia ugomvi. Chipu ina ratiba ya hatua 16, na kila hatua huambiwa ifungue njia ipi na jibu ilitupe katika foleni ipi kati ya foleni mbili, kila moja yenye nafasi 64. Kila jibu linaloingia foleni hubeba pembeni yake namba ya hatua iliyolizaa, mfano wa barua yenye jina la mtumaji. Kiendeshi husoma jina hilo kabla ya kulikabidhi jibu kwa aliyeliomba, kwani kipimo cha betri kikikabidhiwa kwa anayeuliza joto, namba itakuwa sahihi na maana itakuwa upuuzi.

Ustadi huo wa ndani, hata hivyo, usingetosha kama kila kiendeshi kingezungumza na programu kwa lahaja yake. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya Linux kulikuwa na mahali pa vipimo vya afya ya kompyuta yenyewe, kama vile joto la ndani na mwendo wa feni, na kulikuwa na mahali pa vitu vinavyoguswa na mtu, kama kibodi na kipanya. Kihisi cha mwanga, cha mtikisiko au cha umeme wa kawaida hakikuwa na nyumba baina ya hizo mbili. Mwaka 2009 mfumo mdogo ulioanzishwa na Jonathan Cameron uliingizwa ili kuliziba pengo hilo, ukapewa jina la kifupi la IIO. Uliwekwa kwanza katika sehemu ya majaribio, na kiini chake hakikutolewa humo mpaka mwaka 2012. Kiendeshi cha kigeuzi cha AM335x kikafuata, katika toleo la 3.8 la mwezi Februari 2013.

Jambo kubwa lililofanywa na IIO lilikuwa kukubaliana juu ya majina. Kila njia ya kuingilia huonekana kwa mtumiaji kama faili ndogo; anayeifungua na kuisoma huikuta namba. Faili ya njia ya kwanza ya umeme huitwa in_voltage0_raw, iwe chipu imetengenezwa Marekani, Ulaya au Asia. Majina hayo yameandikwa katika hati inayosomwa na wote, na programu iliyoandikwa kwa ajili ya chipu moja huweza kuielewa nyingine bila kufundishwa upya.

Wasomaji wa pwani wanakijua kisa cha namna hii. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kuusimika uamuzi huo. Faida yake haikanushiki: mtoto wa Bukoba na wa Lamu wakaweza kusoma kitabu kimoja. Hasara yake nayo haikanushiki, na wapenzi wa Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, hawajaisahau. Usanifishaji wa vipimo ndani ya kompyuta una pande mbili hizo hizo. Chipu yenye uwezo wa kipekee ambao hati ya majina haikuuwazia hubaki ikizungumza nusu ya anachokijua mtengenezaji wake, mpaka atokee mtu wa kuteta kwa subira na wengine ili neno jipya likubaliwe. Tofauti ni kwamba huku mlango wa kamati uko wazi: yeyote awezaye kuandika na kutetea anaruhusiwa kupeleka pendekezo, na likikubaliwa, jina halibadilishwi ovyo, maana lipo tayari midomoni mwa programu nyingi.

Ndani ya jina lile mna neno linalostahili kutazamwa kwa makini. Sehemu yake ya mwisho maana yake ni “ghafi”. Kiendeshi hakidai kwamba kinatoa volti. Kinasema waziwazi kwamba kinatoa hesabu ya hatua tu, kama zilivyotoka kwenye chombo. Pembeni ya faili hiyo yapasa kuwapo faili nyingine iliyobeba kipimo, yaani uzito wa kila hatua. Kwa chipu hii uzito huo ni 0.439453125, nao ni milivolti 1,800 zilizogawanywa kwa 4,096. Mwenye kutaka volti huzidisha namba ghafi kwa kipimo. Utengano huo waweza kuonekana kama uvivu wa kumwachia msomaji kazi ya hesabu, lakini kwa hakika ni adabu. Kiendeshi hukabidhi punje na chombo kwa pamoja, ili anayepokea aweze kuhakiki mwenyewe.

Na adabu hiyo haikuwapo tangu siku ya kwanza. Kiendeshi cha AM335x kilipoanza kilitoa namba ghafi peke yake. Faili ya kipimo iliongezwa baadaye. Katika kipindi hicho kila aliyeandika programu kwa ajili ya ubao ule ilimbidi aende mwenyewe kwenye vitabu vya chipu, akatafute 1.8 na 4,096, kisha avizike vyote viwili ndani ya kazi yake. Aliyekumbuka, alikumbuka. Aliyechukua programu ya mwenzake na kuihamishia kwenye chipu yenye ukingo wa volti 3.3, bila kuibadilisha hesabu iliyozikwa humo, alipata namba nzuri zenye mpangilio mzuri, na zote zikiwa za uongo.

Uzito wa jambo hili hauonekani mezani pa fundi. Huonekana mwisho wa waya. Ichukuliwe zahanati inayotegemea betri ya sola ya volti 12 kuwasha taa usiku na kuendesha jokofu la chanjo, ambazo nyingi zapasa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi. Volti 12 haziwezi kuingizwa katika mlango wa volti 1.8, kwa hiyo fundi huweka vipingamizi viwili vya kuugawa umeme kwa kumi. Betri ya asidi na risasi iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, ikifika 12.0 huwa imekaribia kwisha. Baada ya kugawanywa kwa kumi, volti hizo huwa 1.26 na 1.20, na kwa lugha ya kigeuzi huwa 2,867 na 2,730. Umbali baina ya betri iliyojaa na betri inayokaribia kufa ni hatua 137 tu kati ya 4,096.

Kipingamizi cha bei rahisi huruhusiwa kutofautiana na thamani iliyoandikwa juu yake kwa asilimia 5. Kosa la asilimia 5 katika kipimo lingeigeuza 12.0 kuwa 12.6. Kigeuzi kingekuwa kimepima sawasawa, kiendeshi kingekuwa kimesafirisha sawasawa, na kioo kingeonyesha betri imejaa, usiku ambao jokofu lingezimika. Hakuna kengele ambayo ingelia, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Kila mmoja katika mnyororo ule angeweza kuapa kwamba amesema kweli, mfano wa muuzaji aliyesema “kibaba kimoja”.

Ndiyo maana elimu ya kiendeshi haiishii ndani ya chipu. Kiendeshi hakiwezi kuviona vipingamizi vilivyofungwa nje. Hakiwezi kujua kwamba njia ya tatu imeungwa na betri na ya nne na kihisi cha joto. Mambo hayo huandikwa na mtu, katika faili iitwayo mti wa vifaa, ambayo mfumo endeshi huisoma wakati kompyuta inapoamka. Humo hutajwa kwamba kigeuzi kipo, njia zipi zitumike, na katika chipu nyingi hutajwa pia ni volti gani inayotumika kama ukingo wa kipimo. Aliyeandika mti huo ni shahidi, na ushahidi wake huaminiwa bila kuhojiwa. Akiandika ukingo wa volti 1.8 mahali palipo na 3.3, umeme wa 1.65 utatangazwa kuwa 0.9, na mfumo mzima utaendelea na kazi zake kwa utulivu.

Katika mti huo kwa AM335x huandikwa pia mambo ya subira. Ndani ya kigeuzi mna kapasita ndogo inayojazwa na umeme wa nje kabla ya maswali 12 kuanza. Kihisi chenye nguvu huijaza mara moja, lakini kihisi dhaifu huijaza polepole, na mlango ukifungwa kabla haijajaa, kinachopimwa ni mchanganyiko wa umeme wa sasa na mabaki ya njia iliyotangulia. Kwa hiyo mwandishi wa mti huruhusiwa kutaja muda wa kungoja kabla ya kupima, na muda wa kuuacha mlango wazi. Hali kadhalika huruhusiwa kuagiza wastani wa vipimo hadi 16 ili kutuliza kelele za umeme. Lakini wastani nao ni tafsiri: hulainisha mtetemeko wa uongo, na papo hapo hulainisha mshtuko wa kweli uliopita kwa haraka. Hakuna chaguo lisilo na gharama. Kuna chaguo lililoandikwa na chaguo lililofichwa.

Na yapo mambo yanayofichwa kwa makusudi. Chipu nyingi zimeuzwa zikiwa na vigeuzi ndani yake ilhali hati za rejista zake hazikutolewa kwa umma, au kiendeshi chake kimetolewa kwa toleo moja la zamani la mfumo endeshi kisha kikaachwa yatima. Kiini cha Linux hubadilika mwaka hadi mwaka. Kiendeshi kilichomo ndani ya hazina yake kuu hubadilishwa pamoja nacho, kwa kuwa anayebadilisha kanuni hulazimika kuwarekebisha wote wanaoitumia. Kilichobaki nje hakirekebishwi na mtu. Baada ya miaka michache mwenye kifaa hujikuta na chaguo mbili: abaki na mfumo wa zamani wenye matundu ya kiusalama, au apate mfumo mpya na masikio ya kifaa chake yazibwe. Katika nchi ambazo vifaa hufika kwa meli na hutumika mpaka vitakapokufa, kama zilivyo nchi za pwani hii, hilo si jambo dogo. Kifaa kizima, chenye uwezo wa kusikia, huwa kiziwi kwa kukosa mkalimani.

Hapa ndipo kazi ya watu wale wanaoandika viendeshi inapopasa kuheshimiwa na watu wa kalamu. Hawaweki sahihi zao mahali panapoonekana na msomaji wa kioo. Wengi hawakuitengeneza chipu wala hawatakitumia kifaa. Wamesimama katikati tu, wakiusoma waraka mrefu wa lugha moja na kuuandika upya kwa nyingine, huku wakipimwa kwa swali moja: je, kilichofika ndicho kilichotumwa, na kama sicho, aliyepokea ameelezwa? Mfasiri wa utenzi na mwandishi wa kiendeshi hawafanani katika malighafi zao. Wanafanana katika dhamana waliyowekewa: wote wawili huaminiwa na mtu ambaye hana njia ya kuisikia lugha ya asili.

Kiendeshi cha AM335x kina tabia moja inayoidhihirisha dhamana hiyo. Kigeuzi kikiwa kimewekwa katika upimaji wa mfululizo, na programu nyingine ikaja kuomba kipimo kimoja cha papo kwa papo, kiendeshi hakiokoti namba ya zamani iliyobaki foleni ili kumridhisha mwombaji. Hujibu kwamba kina shughuli. Foleni ikifurika kwa sababu msomaji amechelewa, hakiendelei kana kwamba hakuna kilichopotea. Hukizima kigeuzi na kukiwasha upya, kisha huanza tena. Na kikiomba jibu la hatua fulani, foleni ikamalizika bila jibu lenye namba ya hatua hiyo kuonekana, hakibuni. Hurudisha alama ya kukataa.

Ingekuwa rahisi kurudisha sifuri. Sifuri ni namba, kioo kingeipokea na kuichora, na hakuna ambaye angelalamika siku hiyo. Lakini sifuri ingekuwa imesema kwamba betri haina kitu, au kwamba joto ni la barafu, ilhali kweli ilikuwa ni kwamba hakuna aliyepima. Kati ya kutopima na kupima ukakuta sifuri pana umbali wa bahari, na mkalimani mwaminifu hujulikana hapo: pale anaponyamaza kwa kukosa neno, na kuutangaza ukimya wake kuwa ni ukimya.